Ukungu uliotuchagulia miti ya Mgololo

Ndugu msomaji, wale wanaonisikiliza redioni kila wiki wamezoea kunisikia nikizungumzia bei ya mchele, foleni za mabasi na ahadi za wakubwa. Wiki hii nawaomba radhi. Nitazungumza juu ya miti, tena nitaanzia na miti yangu mwenyewe, kwani muuguza mgonjwa naye ni mgonjwa.

Mwaka 2017, mimi na wenzangu wawili tuliokuwa tukifanya kazi chumba kimoja cha habari jijini Dar es Salaam tulichanga fedha tukanunua ekari 12 katika kijiji kilicho jirani na Mgololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Tulipanda misindano, ile miti ambayo wenyeji wanaiita paina. Msomaji wa mjini atanielewa haraka, maana miaka hiyo ilikuwa vigumu kupata ofisi isiyokuwa na mtu mwenye "shamba la miti Iringa" au Njombe. Walimu, wauguzi, makarani wa benki, wote tulipiga hesabu ile ile juu ya kipande cha karatasi: miche kadhaa kwa ekari, zidisha kwa bei ya mti mmoja baada ya miaka 15, na pensheni imepatikana. Katika hesabu ile hapakuwa na mstari wa wadudu.

Kiangazi kilichopita kijana anayetuangalizia shamba alinipigia simu. "Mzee," akaniambia, "paina zimeota pamba."

Nilidhani anatania. Nikapanda basi hadi Mafinga, na kutoka hapo nikapata nafasi mbele ya lori lililokuwa linarudi kubeba magogo. Njia inapita kwenye misindano ya Sao Hill, kisha chai, kisha misindano tena, na ukungu wa asubuhi umelala mabondeni kama moshi wa jikoni. Unapokaribia Mgololo ni pua inayokuarifu kwanza. Kiwanda cha karatasi kina harufu yake, kama ya mayai viza, na wakazi wa pale wanakuambia kwamba siku isiyonuka ni siku isiyo na kazi.

Shambani nilikuta kijana hakutania. Kwenye vikonyo vya miti, pale sindano changa zinapochipua, palikuwa na manyoya meupe yaliyoshikamana kama pamba ya dukani. Nilipoyafikicha kwa kidole nikaona chini yake vidudu vidogo kuliko kichwa cha pini. Sindano zilizokuwa juu yake zilikuwa zimefifia rangi, na baadhi zilikuwa zimekwisha kauka.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, bwana miti mstaafu, aliyejenga nje kidogo ya kijiji. Nikamwamkia, naye akaitikia, kisha akanipa kamwene ya Kihehe na kigoda. Nilimwonyesha kijiti nilichokivunja. Hakukitazama sana. Aliniuliza: "Mwanangu, unajua kwa nini ulipanda patula?" Nikamjibu kuwa nilipanda patula kwa sababu kila mtu amepanda patula. Akacheka, akasema hata Serikali ilikuwa na sababu iliyo bora kidogo kuliko hiyo.

Tuseme basi habari yenyewe, kwani hata mimi niliyezaliwa mkoani Mbeya na kupita barabara ile tangu utotoni sikuijua.

Misindano si miti yetu. Hakuna msindano wa asili katika nchi za Afrika Mashariki. Wakoloni walipotaka mbao laini zinazokua haraka waliagiza mbegu kutoka ng'ambo, na mti uliopendwa kuliko yote ulikuwa msindano wa California uitwao radiata. Australia, New Zealand na Chile zilikuwa zimekwisha kuupanda kwa wingi, na sifa zake zilikuwa zimeenea. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika ulikua kwa kasi ya kushangaza, na watu wa misitu wakaona wamepata.

Mwaka 1957, hapa Tanganyika, ukaonekana ugonjwa kwenye sindano zake. Sindano ilikuwa inapata kiraka, kiraka kinageuka kuwa ukanda mwekundu, na kutoka hapo hadi nchani inakauka. Ugonjwa ulianzia matawi ya chini ukapanda juu. Ulikuwa ukungu, wataalamu wanauita Dothistroma. Mwaka 1960 ulikuwa umekwisha kuonekana Kenya. Bwana I. A. S. Gibson, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefanya kazi huko, aliufuatilia pamoja na wenzake kwa miaka mingi, nao walijaribu mpaka dawa za shaba. Dawa ilifanya kazi, ila gharama ya kunyunyizia msitu mzima, mwaka hadi mwaka, iliwashinda. New Zealand, ambako ukungu huo ulifika katika miaka ya 1960, wao walimudu: wana ndege, wana soko, wakainyunyizia radiata yao shaba kutoka angani. Sisi hapakuwa na ndege ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 upandaji wa radiata ukaachwa katika sehemu kubwa ya nyanda zetu za juu.

Kisa chake kinafaa kuelezwa, kwa sababu ndicho kiini cha mazungumzo haya. Kwao California, radiata hupata mvua wakati wa baridi na hukaa kavu wakati wa joto. Ukungu unahitaji vitu viwili kwa pamoja, yaani majani yaliyolowa na joto la wastani. Kwao radiata havipati kwa wakati mmoja. Kwetu mvua hunyesha wakati wa joto, na ukungu wa Mufindi huilowesha miti hata siku isiyo na mvua. Tuliuchukua mti tukauweka mahali ambapo adui yake amepikiwa na kutandikiwa. Mti haukuwa mbaya. Ulikuwa umehamishiwa nyumba isiyo yake.

Patula ni mti wa milima ya Mexico, ambako mvua hunyesha majira ya joto kama kwetu, nao ukungu ule hauutishi sana. Baada ya radiata kuanguka, patula ndiyo iliyobaki kuwa msindano mkuu wa nyanda za juu. Majaribio ya miti huko Sao Hill yalikuwa yameanza tangu mwaka 1939, lakini upandaji mkubwa kabisa ulikuja baada ya Uhuru, hasa katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Serikali ilipoamua, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wahisani wengine, kujenga kiwanda cha karatasi Mgololo. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1985 kikiitwa Southern Paper Mills, kimepangiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Sisi tuliokuwa shule ya msingi baada ya hapo tuliambiwa na walimu kwamba daftari zetu zimetoka katika miti ya Mufindi, nasi tulizinusa tukadai zinanuka paina.

Ya kiwanda chenyewe ni mengi na si ya leo. Katika miaka ya 1990 mitambo ilisimama, na mwaka 2004 kikauzwa kwa kundi la makampuni la Rai la Kenya, kikaitwa Mufindi Paper Mills. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: mitambo ile yote, reli ya TAZARA inayopita karibu, nyumba za wafanyakazi, yote yaliwekwa juu ya mgongo wa mti uliochaguliwa na ugonjwa. Lakini tulipoupata mti usiougua ukungu ule, tulifanya lile lile tulilolifanya kwa radiata. Tukaupanda huo huo kwa maelfu ya hekta, miti ya rika moja, bega kwa bega.

Sasa turudi kwenye pamba yangu.

Mdudu yule anaitwa Pineus. Ni jamaa ya vidukari, na nyuzi zile nyeupe ndilo blanketi lake. Aliingia Kenya mwaka 1968, na namna alivyoingia inasikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Alikuja juu ya vikonyo vya misindano vilivyoletwa kutoka Australia kwa ajili ya kupandikiza, ili tupate miti bora zaidi. Vilipelekwa Muguga, karibu na Nairobi, kwenye makao ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo mlango alioingilia mdudu huyu ulikuwa mlango wa walinzi wenyewe. Haikupita miaka mingi akawa yuko Tanzania.

Mdudu huyu mara nyingi hauui mti mkubwa. Hunyonya, na mti unadumaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, waliwahi kuichunguza miche ya patula iliyoshambuliwa wakakuta ukuaji wake unapungua. Kwa mwenye kiwanda, kudumaa ni hasara ya miaka. Kwangu mimi niliyepanga kustaafu na miti hii, ni hasara ya sukari na chai.

Wa pili nilimshuhudia mwenyewe, ingawa wakati ule sikujua jina lake. Shule niliyosoma mkoani Mbeya ilizungushiwa uzio wa misaipresi, ile ambayo wengi wanaiita miti ya Krismasi. Nadhani nilikuwa darasa la tano uzio ule ulipoanza kubadilika rangi, tawi moja leo, jingine wiki ijayo, mpaka upande mzima ukawa wa kahawia kama umeunguzwa kwa moto. Tuliopangiwa zamu ya usafi tulichapwa viboko kwa kudhaniwa kuwa tulichoma taka karibu na uzio. Mwaka uliofuata ukakatwa ukawa kuni. Hakuna aliyetuomba radhi, wala sidhani kama mwalimu wa zamu alijua kuwa amemwadhibu asiyehusika.

Aliyehusika alikuwa kidukari wa msaipresi, Cinara kwa jina la kitaalamu. Alionekana Malawi mwaka 1986, ambako aliushambulia hata mwerezi wa mlima Mulanje ulio fahari ya taifa lile. Mwaka 1988 alikuwa Tanzania, na mwaka 1990 Kenya. Mate yake yana sumu kwa mti, ndiyo maana tawi linakauka hata wadudu wakiwa si wengi sana. Katika nchi zetu za joto hana haja ya dume: jike anazaa majike, nao wanazaa majike. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 thamani ya miti aliyoiua katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika ilikadiriwa kupita dola milioni 40 za Marekani, mbali ya kama milioni 14 kila mwaka kwa miti iliyodumaa.

Niruhusu niseme neno moja la pembeni. Kati ya mdudu wa kwanza na wa pili kuna mwaka 1977. Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na ile taasisi ya Muguga iliyokuwa ikizihudumia nchi tatu ikagawanyika pamoja na mabehewa na ndege. Tanzania ikaunda taasisi yake ya utafiti wa misitu, TAFORI, kwa sheria ya mwaka 1980, Kenya ikaunda KEFRI mwaka 1986. Ni taasisi zenye watu makini. Lakini kidukari alipovuka kutoka Malawi hapakuwa tena na jicho moja lililokuwa linatazama misitu yote mitatu kwa pamoja. Kila nchi ilimgundua kivyake, kwa zamu.

Mzee wangu wa Mgololo alikuwa na maelezo mafupi ya mambo haya yote. Alisema: miti ilikuja bila wadudu wake, kwa hiyo kwa muda ilistarehe. Kisha wadudu wakaifuata, lakini wakaja bila maadui zao, kwa hiyo wao nao wakastarehe.

Dawa mojawapo basi imekuwa ni kumleta adui. Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1916 fukusi mla mikaratusi kutoka Australia alionekana Cape Town, akaivua miti majani kusini mwa Afrika yote. Mwaka 1926 waliletwa nyigu wadogo sana kutoka huko huko Australia, ambao hutaga ndani ya mayai ya fukusi huyo. Fukusi akashuka. Alipofika Kenya katika miaka ya 1940, nyigu hao walitumwa kumfuata wakamkuta. Kwa kidukari wa msaipresi vilevile: aliletwa nyigu kutoka Ulaya aitwaye Pauesia, akaachiwa Malawi mwaka 1994, na baadaye Kenya. Hutaga yai ndani ya kidukari, na mtoto wake humla kidukari kutoka ndani. Ukiiangalia kwa karibu si habari ya kusomea chakula. Misaipresi iliyo hai leo inamdai shukrani.

Lakini nyigu hana uwezo wa kurekebisha shamba lililopandwa vibaya. Hapo ndipo mzee aliponigeukia.

Aliniuliza nimepanda kwa nafasi gani. Nikamwambia hatua mbili kwa mbili, kama tulivyoshauriwa na aliyetuuzia miche. Aliyetuuzia alikuwa na sababu yake, maana kwa mita 2 kwa 2 ekari moja humeza miche zaidi ya 1,000, na kwa mita 3 kwa 3 hutosheka na 450 hivi. Akauliza mbegu ilitoka wapi. Sikujua. Nilikumbuka tu kwamba muuzaji alisema ni "mbegu nzuri ya hapa hapa", maana yake, nilikuja kutambua, ni koni zilizookotwa chini ya mti wowote uliokuwa rahisi kufikiwa. Akauliza tumepunguza mara ngapi. Nikamuuliza kupunguza ni nini.

Alinyamaza kidogo kwa adabu. Kisha akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mti wenye njaa, kiu na giza hauna nguvu ya kujitetea. Utomvu ambao msindano huutumia kumfukuza mdudu unatokana na chakula chake, na chakula kinatokana na jua na maji. Ukiibana miti, yote inakuwa myembamba, majani ya chini hayapati upepo wa kuyakausha, ukungu unafurahi, wadudu wanatembea kutoka tawi hadi tawi bila kugusa ardhi. Ndiyo maana mashamba ya Serikali yana ratiba ya kupogoa na kupunguza. Inatakiwa uondoe ile miti dhaifu, iliyopinda na inayougua, tena mapema, ili inayobaki ipumue. Inatakiwa pia usipande shamba lote mwaka mmoja wala mbegu moja, na bondeni kwenye ukungu mwingi usipande mti unaochukia unyevu. Wenyeji waliofundishwa na mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, wanayajua haya. Tusioyajua ni sisi tunaomiliki misitu kwa simu.

Yapo pia yanayokuja. Afrika Kusini, mwaka 1990, kwenye kitalu cha miche, ulipatikana ukungu mwingine uitwao Fusarium circinatum. Unaozesha mizizi ya miche, na kwenye miti mikubwa unatoa vidonda vinavyovuja utomvu. Mwaka 2005 ulionekana huko huko kwenye miti iliyokwisha komaa. Na katika misindano inayoathirika sana mmojawapo ni patula, mkombozi wetu wa mwaka 1960. Wenzetu wa kusini wameanza kupanda chotara wa patula na msindano mwingine wa Amerika ya Kati uitwao tecunumanii, unaouvumilia zaidi ukungu huo. Hawakungoja kiwanda kifungwe. Nasi tuna mpaka mrefu, na mbegu na miche husafiri kwa mabasi ndani ya mifuko.

Nilirudi Dar es Salaam na ushauri wa mzee niliouandika nyuma ya tiketi: kata karibu nusu. Nilipowasomea wenzangu, mmoja alikubali baada ya siku mbili. Wa pili alikasirika. Aliniambia, "Kaka, umeenda kuangalia wadudu umerudi na panga." Kwake yeye kila mti ni noti, na mimi nataka kuchoma noti ili zilizobaki zinenepe. Sikuwa na jibu la haraka. Miti ya umri ule ni nguzo na kuni tu, bei yake hailipi hata lori.

Tuligawana ekari kwa mstari, nne nne. Mwezi uliofuata kijana wetu alianza na vibarua wanne, akaanzia kwangu, akichagua kwa alama ya rangi aliyoiweka mzee mwenyewe kwa fimbo yake. Siku ya tatu alinitumia picha. Upande wa kushoto unaona mbingu kati ya miti, na chini majani yamepata jua. Upande wa kulia, kwa mwenzetu, miti imesimama vilevile, ikiwa na pamba yake. Kati yao pamepita njia ya ng'ombe, upana wake kama hatua nne.